Siku 88 Moshi: kisa cha mume na mke waliokuja kuishi tu

## Kabla ya kisa

Nina nyumba ya vyumba viwili uani kwangu, Moshi mjini, na kwa miaka sasa nimekuwa nikipangisha watu wa muda: wauguzi wanaokuja mafunzoni, wanafunzi, mzazi mwenye mgonjwa hospitali. Wanaokaa wiki mbili hawanipi shida. Wanaokaa miezi ndio walionifundisha kazi hii, na hawa wawili wamenifundisha kuliko wote. Nakiandika kisa chao kwa ajili ya wenzangu wanaopokea wageni wa muda mrefu, na kwa mume na mke wowote wanaofikiria kwenda kukaa nchi ya watu kwa miezi kadhaa. Wenyewe wamekubali. Nimeondoa majina, mji wao na kanisa lao, na vitu vichache nimevibadilisha ili jirani akisoma asiseme "huyu ni fulani".

Nitawaita Baba na Mama, kama mtaa wote ulivyowaita.

## Walikotoka

Wanatoka nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Mama alifundisha shule ya msingi miaka 29, na Kiswahili ndilo lilikuwa somo lake. Baba alikuwa dereva wa lori la safari ndefu. Wana miaka 34 ya ndoa, na watoto wanne wote wameshajitegemea. Lakini ukihesabu siku walizolala nyumba moja mfululizo, Mama aliniambia, hazijawahi kuvuka 14. Baba aliingia Ijumaa usiku, na Jumatatu alfajiri alikuwa barabarani.

Moshi waliichagua kwa sababu ya kioo cha lori. Baba alipita hapa mara nyingi akiwa na mzigo, akalala ndani ya gari, na asubuhi akivuta pazia anauona Kilimanjaro mweupe juu ya mabati ya maduka. Kwa miaka mingi alikuwa akimwambia mkewe kwenye simu: ipo siku nitakuleta uuone. Alipostaafu aliuza ng'ombe wawili, wakaongeza akiba ya Mama, wakaja kutimiza ahadi.

Hawakuja kutibiwa, wala harusini, wala kufanya biashara. Walikuja kukaa. Mimi niliona ni jambo zuri tu, kumbe ndilo lililozaa matatizo ya mwanzo, maana kwetu mtu haendi mahali kukaa. Anakwenda msibani, hospitali, mnadani, kwa ndugu. Ukisema umekuja kukaa, watu wanasubiri useme sababu yenyewe.

Waliingia katikati ya Mei kupitia Holili, na kadi zao za chanjo ya homa ya manjano mkononi, wakagongewa muhuri wa miezi mitatu. Jioni ile ile tulihesabu kwenye kalenda ya ukutani, tukazungushia duara siku ya 88, ili zibaki siku za akiba kabla muda haujaisha.

## Wiki tatu za ukarimu

Nilifanya kama nilivyolelewa. Chai ya asubuhi na chapati vilitoka jikoni kwangu. Mchana mtori au machalari, jioni ugali na samaki, siku ya tatu nikawapikia kiburu. Mpwa wangu mwenye gari aliwapeleka maporomoko ya Materuni, akawapeleka Chemka kule Hai wakaoge maji ya vuguvugu, akawafikisha hadi geti la Marangu wakapige picha. Nguo zao alifua binti wa kazi. Mama akishika ufagio namnyang'anya: "Wewe ni mgeni, pumzika."

Mlima hawakuuona. Masika yalikuwa yanamalizikia, na wingu lilikaa juu ya Kibosho na Uru kutwa nzima. Siku tisa. Kila alfajiri Baba alisimama uani amevaa koti, akatazama kaskazini, akarudi ndani bila neno. Siku ya kumi, saa kumi na mbili na robo, nilimsikia akimwita mkewe kwa jina lake la usichana. Nilichungulia dirishani. Wingu lilikuwa limeshuka chini kama blanketi lililosukumwa miguuni, na juu yake Kibo, kilele kikuu cha mlima, yote iko wazi, theluji imeanza kupata rangi ya jua. Wamesimama, Baba ameweka mkono begani kwa mkewe. Nililia kidogo, na nikadhani kazi yangu imekwisha.

Ndipo mambo yakaanza kuharibika. Ahadi ilikuwa imetimia, na zilibaki siku 78 zisizo na kazi.

## Genge, duka la Mangi na maneno ya mtaani

Siku moja nikiwa kanisani, Mama alitoka peke yake hadi genge la kona. Alifika akasema, "Nyanya hizi ni pesa ngapi? Nipe za elfu moja." Binti muuzaji akamtazama, akamjibu, "Mama, hata salamu?" Waliokuwepo wakacheka. Akaendelea hadi duka la Mangi (huku kwetu duka la mtaani ni kwa Mangi, hata mwenye duka awe Mpare), akasema, "Nipe sukari kilo moja." Kijana akampimia kimya. Njiani mtoto akamwamkia, "Shikamoo," naye akajibu, "Mzuri, habari yako." Mtoto akabaki amesimama, anasubiri marahaba yake.

Alirudi akafunga mlango. Jioni aliniambia: "Nimefundisha shikamoo na marahaba ubaoni miaka 29. Leo mtoto wa chekechea ameniona sijui."

Nataka wasomaji wangu waelewe vizuri hapa, maana wengi hukosea. Mama hakukosea Kiswahili. Sarufi yake ni safi kuliko yangu. Kwao, aliniambia baadaye, mtu anayefika sokoni na kusema moja kwa moja anachotaka anamheshimu muuzaji mwenye foleni. Kwetu "nipe" isiyotanguliwa na habari za hapa, isiyo na "naomba", ni amri ya bosi. Mgeni kutoka Ulaya akisema "nipe", watu wanafurahi, wanaona anajitahidi. Mkenya hasamehewi, kwa kuwa maneno yake yanasikika kama ya mtu anayejua na ameamua kutojali. Nilipaswa kumweleza siku ya kwanza kwenye chai. Sikumweleza, kwa sababu niliona haya kumfundisha mwalimu wa Kiswahili Kiswahili.

Baba ngeli zake zimepinda zote, lakini miaka ya mizani, mipaka na maegesho ya malori ilimzoesha kuanza na "Wakubwa, habari za kazi?" kabla ya kuomba hata maji. Yeye alipokelewa kila mahali, na hilo lilimuuma Mama zaidi.

Wakati huohuo neno lilikuwa linazunguka: wale Wakenya wanatafuta kiwanja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, lakini nani angeanza kuieleza getini? Dalali alikuja mara mbili. Jirani aliyekuwa akituletea ndizi akaacha. Kosa lilikuwa langu tena. Mgeni wa siku nne huwa simpeleki kwa balozi, yaani mjumbe wa nyumba kumi. Hawa walikuwa wa miezi mitatu, na hadi wiki ya tatu balozi wetu alikuwa amezisikia habari zao kwa watu wengine wote isipokuwa kwangu.

Siku ya 24 tulikwenda, kwanza kwa balozi nikaomba radhi, kisha ofisi ya serikali ya mtaa. Wakaandikwa kwenye daftari la wageni, pasi zao zikaangaliwa. Mwenyekiti akauliza, "Shughuli iliyowaleta?" Nikaanza kueleza habari za mlima. Baba akanigusa mkono, akasema, "Mwenyekiti, tumekuja kuishi pamoja. Hatujawahi."

Chumba kilinyamaza. Mwenyekiti akaweka kalamu chini, akainuka akawapa mkono wote wawili. "Karibuni sana, wazazi wangu." Kwenye daftari, safu ya shughuli, aliandika: mapumziko.

## Siku ya 31

Maneno ya mtaani yalipungua. Ndani ya nyumba ya uani yalizidi.

Baba hakuwa na pa kwenda. Mama akikaa barazani, yupo. Akichemsha maji, yupo nyuma yake anamwambia sufuria hiyo ni kubwa mno. Akishika mtandio: unakwenda wapi, unarudi saa ngapi? Mwanamke aliyeendesha nyumba, shamba na watoto wanne kwa miaka 34 akajikuta anadaiwa hesabu ya kila hatua. Na Baba, ambaye alibeba hamu ya mkewe kwenye kila barabara ya Afrika Mashariki, akaona mwenzake anachukua kiti na kuhamia kivuli kingine.

Siku ya 31 jioni nilimkuta Mama nyuma ya tangi la maji, analia bila sauti. "Huyu mtu nimezaa naye watoto wanne," alisema, "na simjui." Asubuhi yake Baba alikuja kunilipa kodi iliyobaki. Begi lilikuwa limeshafungwa. Akasema wanaondoka kesho, Mama amechoka na Moshi.

Nilimwomba anipe wiki moja.

## Nilichoamua, na kwa nini

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tunaitumia kumsuta mgeni aliyezidisha kukaa. Usiku ule niliigeuza nikaitazama kwa upande wa mgeni mwenyewe: mtu aliyenyimwa jembe mwezi mzima ana sababu gani ya kufungua mlango asubuhi? Mimi ndiye niliyewanyima. Chakula changu kiliwaondolea soko, gari la mpwa wangu likawaondolea miguu, binti wa kazi akawaondolea ndoo na kamba ya nguo. Nilikuwa nimewaachia kitu kimoja tu cha kushughulika nacho, nacho ni kutazamana.

Kwanza nililifunga jiko langu kwao. Lilikuwa jambo gumu, nilijiona mchoyo. Niliwapa jiko la gesi, jiko la mkaa, sufuria, miko na kinu, nikawaambia: kuanzia kesho mnapika, na mkipika kizuri mniletee sahani. Mama akapata pia kipande cha ardhi nyuma ya banda la kuku, hatua kumi kwa sita, na jembe lenyewe.

Baba nilimtuma. Kila siku nilimtafutia kazi ya nje ya geti, na kwa makusudi nyingi zilimpeleka kwa fundi baiskeli wa kona ya chini, mzee wa rika lake, ambaye ana ubao wa drafti chini ya mwarobaini. Nilimwonya Baba mapema kuhusu spana: asishike kazi ya mtu kwa malipo, maana aliyeingia kutembea haruhusiwi kufanya kazi, na hata ya kujitolea inataka kibali. Akae, azungumze, acheze.

Halafu nilimuuliza kila mmoja peke yake: kati ya saa zote za siku, ni ipi ungependa kuwa na mwenzako? Swali hili sikulipanga, lilinitoka tu. Wote wawili, bila kujua mwingine amejibu nini, walisema alfajiri. Basi tukakubaliana alfajiri ni yao, na kutwa ni ya kila mtu na njia yake.

La mwisho lilikuwa salamu. Nilimwomba Mama ruhusa, nikamweleza habari ya "naomba" na "poleni na kazi". Akachukua kalamu na karatasi akaandika, mwalimu kweli. Asubuhi akarudi genge lile lile. "Habari za hapa, mwanangu? Poleni na kazi. Naomba nyanya za elfu." Binti akamwambia karibu mama, akamwekea fungu, kisha akaokota nyanya moja ya ziada akaitia juu. Nyongeza. Mama alirudi na ile nyanya moja ameishika mkononi, hakuichanganya na nyingine.

## Siku zao zilivyokuwa

Sehemu hii naiandika kwa furaha, kwa kuwa nimeona wageni wengi Moshi lakini sijaona watu walioishi siku za kawaida kwa raha namna ile.

Saa kumi na mbili kasorobo taa yao inawaka. Baba anachemsha chai ya maziwa, anaitia kwenye chupa, wanatoka na masweta waliyonunua kwenye mitumba ya Memorial, maana Juni na Julai asubuhi za Moshi zinauma. Walikuwa na mahali pao, kona moja ya barabara karibu na reli, ambapo unaona Kibo kushoto na Mawenzi, kilele cha pili, kulia bila nyaya za umeme katikati. Kabla ya saa tatu wingu linakuwa limeshapanda, kwa hiyo wanaochelewa kuamka hawaujui mlima huu. Wanakunywa kwa zamu kwenye kifuniko cha chupa. Mama aliniambia walichokuwa wakizungumza: "Yeye ananisimulia barabara, mimi namsimulia nyumba." Alimwambia usiku wa kuzaliwa kwa kila mtoto, nani alimpeleka hospitali, mvua ilinyesha au haikunyesha. Naye akamweleza kila mahali alipolala miaka 30, na aliwaza nini.

Bibi mmoja wa Uru anayeshuka na maziwa alizoea kuwakuta pale, akawapa hadithi ya milima hiyo miwili. Inasimuliwa kwa namna nyingi; kwa namna yake, Mawenzi alikuwa mvivu wa kutunza moto, kila mara anakwenda kwa Kibo kuomba moto, na akifika anapewa chakula, mpaka Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi imechongoka na kuvunjika vile. Tangu siku hiyo Baba akimfuata jikoni kumkosoa sufuria, Mama anasema bila kugeuka, "Mawenzi, umekuja tena kuomba moto?" Naye anacheka, anatoka.

Baada ya chai wanaachana. Mama anakwenda soko la Mbuyuni, na huko alipata kitu kilichomtuliza moyo: mboga. Alikuta managu ya kwao inauzwa kwa jina la mnavu, akaikuta na mgagani. Akaipika mnavu kwa maziwa, polepole, mpaka uchungu ukalainika, akaniletea sahani. Nilikula nikamgawia jirani wa pili, naye akaja kuuliza imepikwaje. Sahani ikarudi na maparachichi matatu. Kwetu sahani hairudi tupu, na kuanzia hapo vyombo vya Mama vilikuwa safarini kila siku. Bustani yake ilitoa mchicha wiki ya nne tangu apande. Mimi nilikuwa na ardhi ile miaka yote, na sikuwahi kuotesha hata kitunguu.

Baba alishindwa drafti siku 12 mfululizo. Wanachezea vifuniko vya soda, upande mmoja umegeuzwa juu, mwingine chini, na fundi yule anacheza huku anaziba pancha. Siku ya 13 Baba akashinda, nikasikia kelele mpaka kwangu. Siku za treni walifunga ubao wakaenda stesheni kuiangalia tu. Reli ile ilifika Moshi kutoka Tanga mwaka 1911, na treni ya abiria ilirudi Desemba 2019 baada ya kusimama zaidi ya miaka 20; Baba, aliyekuwa akigombea mizigo na reli maisha yake yote, alisimama pale kwa heshima kama anayemwona mpinzani wa zamani amepona.

Jumamosi wanakwenda mjini pamoja kunywa kahawa. Baba alishabeba magunia ya kahawa yasiyo na hesabu, lakini nyumbani kwake ni chai. Nilimweleza habari za KNCU, chama cha ushirika wa wakulima wa hapa kilichoanzishwa 1933, na namna kahawa ilivyosomesha watoto wa mlimani. Alikunywa kikombe cha kwanza taratibu sana. Akasema, "Kumbe nilikuwa nabeba hii."

## Msiba

Mwishoni mwa Juni jirani aliyeacha kutuletea ndizi alifiwa na mama yake. Mama akaniuliza kama inafaa aende, yeye mgeni. Nikamwambia nenda, na uchukue kisu.

Alikaa na wanawake kumenya ndizi mbichi kuanzia saa mbili hadi saa saba, amepakwa mafuta mikononi kuzuia utomvu, na bado vidole vilibaki vyeusi wiki nzima. Hakuna aliyemuuliza amekuja Moshi kufanya nini. Baba alibeba mabenchi, usiku akakaa kwenye moto na wanaume, akatoa rambirambi ikaandikwa daftarini. Siku ya mazishi walipanda nasi hadi kihambani, kwenye shamba la ukoo, wakasimama migombani na wafiwa.

Siku tano baadaye mkungu wa ndizi mshare ulifika. Ulipita mlango wangu, ukatuliwa kwenye mlango wao.

## Yasiyokwenda sawa

Umeme tuligombana. Mita ni moja, na Julai walinunua hita ya kupasha chumba. Nilitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya shilingi 20,000 niliyoizoea kukaa wiki tatu, ikaisha siku ya nane. Sikusema. Nilinuna, na siku nyingine nikatoa maneno makali uani, mbele ya binti wa kazi. Wakaanza kununua umeme wao kupita kiasi, na hita wakaizima kabisa, Mama akashikwa na mafua. Nilikata jani la isale kwenye ua nikawapelekea pamoja na maziwa, nikawaeleza kwamba kwa Wachaga anayeleta jani hili anaomba msamaha. Walinisamehe. Hita hawakuiwasha tena.

Nane Nane tulikwenda Arusha kwenye maonyesho ya Themi, kutwa nzima wote pamoja kama ile wiki ya kwanza. Mama alitaka kuona kila mche na kila mbuzi, Baba alichoka saa tano. Waligombana ndani ya basi tangu Usa River.

Na lililoniuma zaidi: Baba aligundua kuwa nilikuwa namtuma kwa mpango. Fundi ndiye aliyemwambia, bila nia mbaya. Alikuja akasimama mlangoni. "Ulinituma kama mtoto." Sikuwa na jibu.

## Siku ya 88

Waliondoka Agosti. Fundi alileta ubao mpya wa drafti, ameuchonga mwenyewe. Mama alitaka kubeba mbegu za mnavu, tukakumbushana kwamba mbegu haivuki mpaka bila cheti cha afya ya mimea, akaniachia. Bustani alimkabidhi binti wa genge. Kwenye kalenda, kati ya alfajiri walizotoka pamoja, waliweka alama 37 za mlima ulioonekana.

Novemba nilimpigia Mama simu. Baba ameweka ubao ule chini ya mti karibu na soko lao. Asubuhi wanakunywa chai kilimani nyuma ya nyumba, ingawa hakuna mlima. "Bado ananiuliza narudi saa ngapi," Mama alisema. "Ila siku hizi anauliza naye ameshavaa viatu."

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwa hakika ni kufunga jiko. Kila kitu kingine kilipita hapo: bila kupika, Mama asingerudi genge, bila genge, asingekuwa na wa kumwita msibani kwa jina. Alfajiri ya pamoja nayo ilifaa, na nadhani ilifaa kwa sababu ilikuwa fupi na ilikuwa chaguo lao. Safari ya Arusha ilionyesha hivyo: siku nzima ya pamoja iliwachosha hata walipokuwa wameshazoeana.

Msiba ndio uliowaingiza mtaani, na huo sikuupanga mimi. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba uamuzi wangu ndio uliomaliza kila kitu. Hata hali ya hewa ilisaidia: Juni wingu lilianza kufunguka asubuhi, na mtu anayeuona mlima uliomleta ana subira zaidi. Huenda pia mwezi wa kwanza ungekuwa mgumu kwa vyovyote, kwa watu wawili waliopendana kwa simu miaka 34.

Kilichoshindikana kilitokana na haya zangu. Niliona haya kumweleza mwalimu adabu ya gengeni. Niliona haya kusema habari ya umeme ikingali ndogo. Niliona haya kumwambia Baba wazi kwamba anahitaji marafiki wake mwenyewe, nikamzungusha. Angeniambia nimkome, au angecheka, lakini lingekuwa lake kuamua. Sasa nasema mapema. Siku ya kwanza ni chai, kisha balozi. Siku hiyo hiyo naeleza "naomba" na "marahaba" kwa kila mgeni, awe anatoka nchi gani, awe na shahada gani. Chakula changu kinakwisha siku ya nne. Siku ya kwanza siwezi kukifunga, mtu aliyetoka safari lazima ale. Na mume akiwa mstaafu namweleza habari za fundi na ubao wake kwa mdomo wangu, aende au asiende.

Januari nategemea wengine, mume na mke kutoka Burundi, miezi miwili. Mita ndogo imeshafungwa nyumba ya uani. Mnavu wa Mama bado upo nyuma ya banda la kuku, na binti wa genge anakuja kuuchuma Jumanne na Ijumaa. Nimeshamwambia kuna wageni, na akasema atawaachia mistari miwili ya upande wa ukutani.